Simba Mwenda Kimya: Wimbo wa Mbube, Kopi Zake, na Sababu ya Kuanza na Besi

(Hotuba kwa walimu wa kwaya na wapiga muziki, Tanga)

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Walimu wa kwaya mliotoka Muheza, Korogwe na Lushoto, wapiga magitaa wa Ngamiani na Makorora, akina mama wa taarabu, na ninyi vijana mliokaa nyuma: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Leo tunazungumzia wimbo mmoja tu. Kila aliyemo humu ameusikia, wengi kwa Kiingereza, ule wa simba aliyelala mwituni usiku. Wanaoujua kwa jina lake la kuzaliwa ni wachache zaidi. Unaitwa Mbube. Umepigwa kopi na bendi za dansi, na kwaya, na waimbaji wa filamu, na wanafunzi wa shule, kwa Kiingereza, kwa Kifaransa na kwa lugha nyingine chungu nzima. Tunaupenda wimbo huu, na tunazipenda kopi zake, hata zile dhaifu, kwa kuwa kila kopi inakuonyesha aliyeipiga alisikia nini. Na wengi walisikia sauti ya juu. Wimbo wenyewe uko chini, kwenye besi. Hilo ndilo tulilokuja kusema, na tutalionyesha kwa noti.

Tuanze na jina. Mbube ni simba kwa Kizulu. Neno lenyewe lina irabu mbele, imbube, lakini Mzulu anapoita, irabu ile hudondoka. Kwa hiyo "Mbube!" ni mwito, kama kusema "Ewe simba!" Besi wanajibu "uyimbube", yaani "wewe ni simba". Isikilizeni ile "u" ya mwanzo. Ndiyo "u" yetu ya "u mzima" na "u tayari". Mwimbaji wa Tanga akishaelezwa mara moja anaimba akijua anachosema, na sauti ya mtu anayejua anachosema hukaa mahali pake. Tena ile "mb" hatuhitaji kufundishwa, tunayo kwenye mbuzi na mbuyu. Kwaya za Ulaya huhangaika nayo, huikata vipande viwili, "m" kisha "bu", na pigo zima linachelewa.

Mtunzi ni Solomon Linda, aliyezaliwa mwaka 1909 huko Msinga, Natal, akaja Johannesburg kutafuta kazi kama vijana wengi wa kwao. Kundi lake liliitwa Evening Birds. Walikuwa wanaume sita. Linda mwenyewe aliimba juu kabisa, soprano, kwa sauti ya kichwani. Alikuwapo alto mmoja na tenor mmoja, yaani sauti za kati, na besi watatu. Shikeni hesabu hiyo, tutairudia: kati ya sita, nusu nzima ni besi.

Mwaka 1939 waliingia studio ya Gallo, Johannesburg. Walirekodi zaidi ya mara moja, na iliyokubalika ni ile ya tatu. Karibu sahani nzima ya santuri besi wanazungusha jibu lile lile, na Linda juu yao analia, anapaza, anashuka, mengine akiyatunga pale pale. Sekunde za mwishomwisho, wimbo ukiwa unakaribia kufungwa, anavuta pumzi na kutoa mstari mmoja mpya: sauti inapanda hatua kwa hatua kutoka do hadi mi, inagusa fa, inarudi. Mstari huo ambao hakuwa amekuja nao ndio leo dunia nzima inauita wimbo wenyewe. Ukiipata sahani ya asili, usiizime mapema. Vijana wengi husikiliza dakika moja, wakasema "mbona sio ule?", wakaacha. Uko mwishoni.

Sahani ile iliuzwa sana kusini mwa Afrika, inakadiriwa nakala 100,000 kufikia mwaka 1949. Na mtindo mzima wa kwaya za kiume za Kizulu ukachukua jina la wimbo ukaitwa mbube: sauti za nguvu, vifua wazi. Baadaye ukakua mtindo mwingine laini kutoka huo huo, isicathamiya, jina linalotokana na kunyata, kukanyaga chini bila kishindo. Ndio mtindo wa Ladysmith Black Mambazo, kundi lililoanzishwa na Joseph Shabalala mwaka 1960. Wazee wetu walishasema, simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Sijui methali nyingine inayoieleza isicathamiya vizuri kuliko hiyo. Wimbo ulioanza kwa kumwita simba kwa kelele ulizaa uimbaji unaotembea kama simba mwenyewe.

Sasa kopi, na tuzifuate kwa mpangilio wake, maana ni kopi ya kopi ya kopi.

Sahani ya Linda ilifika Marekani mikononi mwa Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo, naye akampa Pete Seeger, mwimbaji na mpiga banjo wa huko. Seeger akakaa na sahani, akaandika noti kwa sikio. Hakuwa na maneno ya Kizulu mbele yake. Pale besi waliposema "uyimbube", yeye alisikia "wimoweh", akaandika hivyo, na jina hilo likabaki. Kundi lake, The Weavers, lilirekodi mwishoni mwa 1951 na wimbo ukavuma mwaka 1952, pamoja na okestra kubwa ya Gordon Jenkins. Kisha kundi hilo hilo liliuimba jukwaani Carnegie Hall, New York, Desemba 1955, kwa gitaa, banjo na sauti zao nne tu. Tafuteni zote mbili mzisikilize zikifuatana. Katika ya kwanza tarumbeta zinachukua nafasi na besi ya binadamu inafunikwa. Katika ya pili unamsikia Lee Hays chini, besi mmoja tu, lakini yupo, na wimbo unasimama. Watu ni wale wale na noti ni zile zile, ila chini pameachwa wazi pasikike. Kwetu sisi hakuna somo la upangaji lililo fupi kuliko hilo.

Miriam Makeba, mwimbaji wa Afrika Kusini, aliurekodi mwaka 1960 katika albamu yake ya kwanza, na jina alilolitumia ni Mbube. Alilisema kama lilivyo kwa sababu lugha anaijua.

Mwaka 1961 wakaja The Tokens, vijana wa Brooklyn. George David Weiss aliwaandikia maneno mapya ya Kiingereza na akafanya jambo moja la akili sana kimuziki: ule mstari wa sekunde za mwisho za Linda aliuchukua, akauweka mbele, akaugeuza beti. Jay Siegel aliimba juu kwa sauti ya kichwani, na mwimbaji wa opera, Anita Darian, akaongeza sauti ya kike inayoelea juu ya wote. Wimbo ulitolewa ukiwa upande wa pili wa sahani, na ndio uliopanda hadi namba moja Marekani. Ni kopi nzuri, hatutaki kuidharau. Mpangilio wake uko katika F, mzunguko wa besi umehifadhiwa, na kila sauti ina nafasi yake. Kilichopotea ni uzito. Besi watatu wa Linda wamekuwa mapambo nyuma ya kiongozi.

Kutoka hapo kopi nyingi zinaiga Tokens badala ya kumwiga Linda. Karl Denver Uingereza, mwaka 1962, akiuita bado Wimoweh. Robert John Marekani, mwaka 1972. Tight Fit, waliofika namba moja Uingereza mwaka 1982. Henri Salvador aliuimba kwa Kifaransa mwaka 1962, na kwake simba halali tena, amekufa jioni hii. Tafakarini safari hiyo: Linda anamwita simba aliye macho, Wamarekani wakamlaza, Wafaransa wakamzika. Na mwaka 1994 filamu ya The Lion King ikauweka kwenye vinywa vya wanyama wawili wa kuchekesha, na hapo ndipo watoto wetu wengi walipokutana nao.

Kopi moja tunaiomba kila mwalimu wa kwaya aitafute: ya mwaka 1990, Ladysmith Black Mambazo wakiimba pamoja na The Mint Juleps, kundi la wanawake la London, bila chombo chochote. Utasikia jinsi besi za kiume za Kizulu na sauti za kike za Kiingereza zinavyokaa nyumba moja bila kugombana.

Basi tuingie kazini. Wimbo huu ni mzunguko wa vipimo vinne, kila kipimo mapigo manne, na kila kipimo kina kodi moja, yaani kundi moja la noti zinazosikika pamoja. Kwa wapiga gitaa: F, B flati, F, C. Kwa wanaosoma solfa, yaani noti za do, re, mi, kwaya ya wanaume peke yao ipangeni hivi, kila noti ikikaa kipimo kimoja:

Sauti ya juu: so – la – so – so
Sauti ya kati: mi – fa – mi – re
Chini yake: do – do – do – ti
Besi: do – fa – so – so

Angalieni jinsi sauti tatu za juu zinavyosogea kidogo tu, hatua moja au nusu hatua, na nyingine hazisogei kabisa. Anayetembea ni besi. Na angalieni kipimo cha tatu. Kodi ni ile ile ya kwanza, lakini besi hayuko kwenye do, yuko kwenye so. Hapo ndipo penye utamu wote. Besi akirudi do katika kipimo cha tatu, wimbo unakaa chini kabla ya wakati, halafu unalazimika kuinuka tena. Akiwa kwenye so, kodi inaegemea mbele, inataka kuanguka kwenye kipimo cha nne, na cha nne kinaisukuma mwanzo. Ndiyo maana mzunguko huu unaweza kurudiwa mara ishirini usichoke kuusikia. Kopi nyingi zinazochosha, ukizichunguza, besi wake anapiga do, fa, do, so.

Besi wanaanza F ya chini kabisa, wanapanda B flati, kisha C. Vijana wengi F hiyo hawaifikii, au wanaifikia kwa kunong'ona tu. Msilazimishe, koo linakauka na sauti inatoka na mchanga. Kuna njia mbili. Ya kwanza, pandisha ufunguo, do iwe G au A flati. Ya pili, na tunaipenda zaidi kwa kwaya za mseto, wanaume na wanawake pamoja, do iwe F ya juu, besi ashuke hadi fa ya chini, halafu apande so: do ya juu, fa ya chini, so ya chini, so ya chini. Noti ya chini kabisa inakuwa B flati, na hiyo wanaume wazima wengi wanaifikia.

Kwa kwaya ya mseto ubadilishaji hauishii kwenye besi. Mkiwapa wanawake zile sauti za juu kama zilivyoandikwa kwa wanaume, soprano watakuwa wanaunguruma chini. Zungusheni: tenor achukue so – la – so – so, alto do – do – do – ti, soprano mi – fa – mi – re. Kiongozi akiwa mwanamke, wimbo wake utapita mahali pale pale walipo soprano, kwa hiyo beti zikianza soprano wafunge midomo waimbe kwa "mm". Wakifungua midomo kiongozi anapotea, na atajaribu kujiokoa kwa kupiga kelele.

Kwa shule ya wasichana, do iwe G iliyo chini ya C ya katikati. Alto wazito wachukue mstari wa besi, na mpangilio mwingine ubaki kama wa wanaume.

Idadi. Kumbukeni Evening Birds, nusu ni besi. Kwaya zetu nyingi zina wanawake wengi na wanaume wachache, na mwalimu hugawa wanaume sawasawa, nusu tenor, nusu besi. Kwa wimbo huu msifanye hivyo. Mkiwa na wanaume 12, wanane wawe besi na wanne tenor. Tenor wanne wakiwa juu wanasikika kuliko besi wanane, sikio la binadamu limeumbwa hivyo, sauti za chini zinahitaji nguvu zaidi ili zisikike sawa. Na hao besi wagawe wawili wawili kwa ajili ya pumzi: mmoja anavuta hewa mwishoni mwa kipimo cha pili, mwenzake mwishoni mwa cha nne. Wakivuta wote pamoja, mzunguko unakatika kila mara mahali pamoja na msikilizaji anahesabu pumzi badala ya kusikia wimbo.

Neno. Katika kopi zilizozoeleka kila kipimo kinabeba jibu la besi mara mbili, silabi nne kila mara: u-yi-mbu-be, u-yi-mbu-be. Mkazo wa Kizulu, kama wetu, unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, yaani "mbu". Waimbaji wakikazia "u" ya mwanzo, wimbo unageuka kwata. Mwambieni kila mmoja alitamke kwanza kwa kusema tu, kama anavyosema "Muheza", mkazo ukiwa pale pale, halafu ndipo aliimbe. Na "e" ya mwisho isitanuliwe mdomo kama anayetabasamu. "E" iliyotanuliwa hushusha sauti, na hilo linatuleta kwenye ugonjwa mkubwa wa wimbo huu.

Ugonjwa huo ni kushuka. Fanyeni hesabu. Kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika, kipimo ni sekunde mbili, mzunguko ni sekunde nane. Wimbo wa dakika mbili na nusu una mizunguko 18 na zaidi. Nusu hatua ya kinanda ukiigawa sehemu 100, kwaya ikishuka sehemu tano tu kila mzunguko, kiasi ambacho hakuna atakayekigundua, mwisho wa wimbo mko karibu nusu hatua nzima chini. Mlianza F, mnamalizia E. Mpiga kinanda akiingia ghafla kwenye ubeti wa mwisho, ni aibu.

Mashimo yako mawili. La kwanza ni sauti ya kati inaporudi kutoka fa kwenda mi. Ni nusu hatua ndogo, na watu huiteremka kupita kiasi. La pili ni ti ya kipimo cha nne. Ti inaongoza kwenda do, kwa hiyo lazima iwe juu, karibu na do, kama mtu aliyesimama kizingitini. Wengi huiangusha. Wengine hawaendi ti kabisa, wanabaki do kwa mazoea, kwa kuwa wameimba do vipimo vitatu mfululizo, na kodi inabaki imening'inia bila kufunguka. Mazoezi yake ni haya: waimbe mzunguko mmoja wa kipimo cha nne na cha kwanza tu, ti – do, ti – do, mara kumi, polepole, besi wakiwepo.

Kinanda kina makosa yake hapa. Walimu wengi hufundisha kila sauti kwa kinanda mwanzo hadi mwisho, halafu siku ya tukio wanaimba bila chombo na kodi hazitulii. Sababu ni kwamba mi ya kinanda iko juu kidogo kuliko mi inayotulia kwenye koo za watu wanaosikilizana. Tofauti ni kama sehemu 14 kati ya zile 100 za nusu hatua. So ya kinanda inakosea sehemu 2 tu, haina neno. Kwa hiyo: toa do na so kwenye kinanda, besi na tenor wazishike, kisha waambie wanaoimba mi waitafute wenyewe, taratibu, bila kinanda. Ikipatikana mtaisikia, chumba chote kinatetema. Wakishaizoea, kila baada ya mizunguko sita gusa do kwenye kinanda kidogo, uone mko wapi.

Na sasa simu. Tunalisema hili kwa uzito, kwa kuwa ndiko vijana wanakojifunzia nyimbo siku hizi. F ya chini ya besi ni mitetemo 87 kwa sekunde. Spika ndogo ya simu haiwezi kuitoa noti hiyo, na hata zile zilizo juu yake kidogo zinatoka dhaifu mno. Kijana anayesikiliza Mbube kwa spika ya simu anasikia kiongozi, anasikia tenor, na besi anaikisia tu. Halafu anakuja kwenye kwaya akiujua "wimbo wote". Anajua nusu ya juu. Sikilizeni kwa hedifoni au kwa spika kubwa yenye besi. Na mkirekodi sauti za mazoezi ili mtumiane kwenye simu, mstari wa besi mrekodini na oktava ya juu yake pamoja, ili asiye na hedifoni naye aupate.

Jukwaani, simameni nusu duara, besi nyuma katikati, si pembeni kama ilivyozoeleka. Maiki mkiwa nazo mbili, moja iwe ya kiongozi na nyingine iwekwe kwenye kimo cha kifua mbele ya besi. Anayesimamia mashine ya sauti mwambieni mapema asiwapunguze besi kwa kuogopa mvumo, maana wengi wakisikia mvumo kitu cha kwanza wanachokata ni sauti za chini.

Wapiga muziki wa Tanga wanaweza kuufanyia nini wimbo huu? Mji huu umetoa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na sikio la mtu wa hapa linajua gitaa la solo, la rithim na la besi kama linavyojua sauti za ndugu wa nyumba moja. Mzunguko huu unaingia kwenye magitaa bila kulazimishwa. Gitaa la besi lichukue do – fa – so – so bila mapambo. La rithim lichukue mi – fa – mi – re na so – la – so – so kwa nyuzi mbili. Solo lisiige sauti ya mwimbaji, likae kwenye nafasi anazoziacha. Wanapokosea ni pale magitaa yote matatu yanapopiga kodi kamili kwa pamoja. Hapo hakuna anayesikika akitembea.

Taarabu ni jambo lingine, na hapa panataka uangalifu. Kiitikio cha taarabu yetu huimbwa sauti moja, wote pamoja, na uzuri wake uko kwenye kuyumbisha noti na kuvuta maneno. Ukiweka sauti ya pili juu ya noti inayoyumba, zinagongana. Lakini taarabu ya Tanga, tangu vikundi vya Black Star na Lucky Star, ilishakaribisha magitaa. Basi mkitaka Mbube ya taarabu, kiitikio kibaki sauti moja, "uyimbube" ikiimbwa na wote, na zile sauti za kati apewe mpiga akodiani azishike ndefu, mi – fa – mi – re, kwa utulivu. Mwimbaji awe huru juu kama Linda alivyokuwa huru. Kwa maoni yetu hiyo itakuwa karibu zaidi na sahani ya 1939 kuliko kopi nyingi za Ulaya, kwa sababu Linda naye hakuimba beti zilizopangwa. Alikuwa akipamba juu ya mzunguko, kama mwimbaji wa taarabu anavyopamba.

Mkiugeuza uende kwa mwendo wa chakacha, ngoma ya pwani, kumbukeni mapigo manne yanakuwa mawili makubwa yenye tatu tatu ndani. Silabi nne hazigawanyiki kwa tatu. Msizibane. Acheni "mbu" ikae pigo kubwa na "be" ivutwe hadi mwisho wake, "u-yi" ziingie kabla kama mtu anayeruka kamba.

Limebaki la haki, na hatuwezi kulipita. Linda aliuza haki za wimbo huu kwa kampuni iliyourekodi kwa shilingi 10. Alikufa mwaka 1962, maskini, wakati wimbo ukivuma Marekani kwa majina ya watu wengine. Sheria ya Kiingereza ya hakimiliki ya mwaka 1911 ilikuwa na kifungu kinachorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufa, na kwa kifungu hicho familia yake ilifungua kesi mwaka 2004 dhidi ya Disney, kampuni iliyotengeneza The Lion King. Mwaka 2006 yakafikiwa mapatano na kampuni iliyokuwa ikishikilia haki za wimbo. Kwa hiyo mkiupiga, kwenye ratiba andikeni jina lake kwanza: Solomon Linda. Mtangazaji alitaje. Mkitaka kurekodi na kuuza, maneno ya Kiingereza na mipangilio mipya ina wenyewe pia, kwa hiyo ulizeni kwanza Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Na kila kikundi chenye wimbo wake wenyewe kiuandikishe huko kabla hakijaingia studio, na mtunzi asiweke sahihi kwenye karatasi asiyoisoma.

Maneno yametosha, na saa moja ya mazoezi tunayo. Wanaume wote wenye sauti ya chini waje nyuma, katikati. Wawili wawili, mkijua nani anavuta pumzi kipimo cha pili na nani cha nne. Tenor kushoto. Mama zetu wa alto, ninyi mna do – do – do – ti, na hiyo ti tunaitaka juu. Soprano msianze mpaka mwitwe.

Do ni F. Besi peke yao kwanza, mizunguko minane.